Farasi Anapotimka: Tathmini ya Banda Moja la Farasi Kaskazini mwa Mombasa

Katika ufuo wa kaskazini mwa Mombasa, kuanzia Nyali hadi Bamburi na Shanzu, kupanda farasi kumekuwa sehemu ya matembezi ya jioni na ya sikukuu, na wanaoiuza huduma hiyo ni wa aina mbili. Kuna wanaomleta farasi mmoja au wawili mchangani, wakampandisha mtoto, wakampiga picha, wakamzungusha kwa dakika chache na kupokea malipo yao. Kisha kuna mabanda yenye farasi kadhaa, mwalimu na masaisi, yaani watunzaji wa farasi, ambayo humfundisha mgeni ndani ya uwanja wenye ua kabla ya kumtoa kwenda baharini. Tathmini hii inahusu banda moja la aina ya pili, ambako mimi na binti yangu wa miaka 13 tumekuwa tukijifunza. Jina lake nimeliacha kwa sababu pamoja na sifa nyingi ninazo lawama juu yake, na pia kwa sababu nataka msomaji ajue la kutazama katika banda lolote atakaloingia. Kipimo nilichokitumia ni kimoja: watu hawa wamejiandaa vipi kwa dakika ile ambayo farasi atatimka na mtu mgongoni?

Nimekichagua kipimo hicho kwa sababu ya maumbile ya farasi mwenyewe. Huyu ni mnyama ambaye kwa maelfu ya miaka amenusurika kwa kukimbia mbele ya wanaomwinda. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote, kiasi cha nyuzi 350, isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele kabisa ya paji lake na nyingine iliyo nyuma ya mkia. Kitu kikizuka ghafla kutoka sehemu hizo, miguu huondoka kwanza. Farasi wa kawaida wa kupanda ana uzito wa kilo 450 hadi 550, na akienda shoti, yaani mbio zake za kasi, hufikia kilomita 40 hadi 48 kwa saa, huku kichwa cha aliyempanda kikiwa zaidi ya mita 2 kutoka ardhini. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kumshinda kwa kuvutana naye. Wala hofu si sababu pekee ya kutimka. Farasi hutimka kwa maumivu ya meno, ya mgongo uliochubuliwa na tandiko au ya lijamu kali, kile chuma cha mdomoni kinachoungwa na hatamu. Hutimka kwa kuwa mwenzake ametimka. Hutimka akijua kwamba uso wake umeelekezwa nyumbani. Na hutimka akiwa amelishwa nafaka nyingi na kufungiwa bandani bila mazoezi.

Ufuo wetu una vitisho vyake vya ziada. Wakati wa upepo wa kusi, miavuli ya wachuuzi hupeperushwa, na wateleza mawimbi hurusha tiara kubwa ambazo huanguka majini kwa kishindo cha turubai. Kuna pikipiki za majini, kuna vijana wanaocheza mpira, na kuna ngamia. Farasi ambaye hajawazoea ngamia huwaogopa kwa sura na kwa harufu, na jambo hili linajulikana tangu kale: inasimuliwa kwamba Mfalme Koreshi wa Uajemi, katika karne ya 6 kabla ya Kristo, aliwatanguliza ngamia mbele ya jeshi lake karibu na mji wa Sardi, na farasi wa Walidia wakageuka wakakimbia. Nilifurahi kukuta kwamba katika banda hili ngamia wa jirani hupitishwa mara kwa mara kando ya ua, na kwamba farasi hutembezwa chini ya turubai lililofungwa mitini ili wauzoee mlio wake. Kazi hiyo haionekani katika picha za matangazo, wala mteja haombi kuonyeshwa, lakini kwangu ndiyo iliyoanza kunipa imani.

Mgeni anapofika huulizwa uzito wake, umri wake, kama amewahi kupanda, na kama ana maradhi ya mgongo au kifafa. Swali la uzito huwaudhi baadhi ya watu, na nilimsikia mzee mmoja akilalamika kwamba hakuja hospitali. Mwalimu alimjibu kwa adabu kwamba mpandaji pamoja na tandiko hawapaswi kuzidi takriban asilimia 20 ya uzito wa farasi, na kwamba mgongo unaouma ni sababu mojawapo ya farasi kuruka na kukimbia. Akampa farasi mwenye kifua kipana zaidi, na mzee akaridhika.

Kila anayepanda huvalishwa helmeti, na hapa masaisi ni hodari. Ukingo wa mbele unatakiwa ukae upana wa vidole viwili juu ya nyusi, ukanda ukazwe chini ya kidevu, kisha mtu atikise kichwa. Helmeti ikisogea peke yake, hubadilishwa. Kijana mmoja aliyekuja na helmeti yake ya bodaboda alikataliwa, na nadhani ilikuwa haki. Ile imeundwa kwa ajali za barabarani, ni nzito kwa shingo ya mtu anayetikiswa juu ya tandiko, na hufunika masikio ambayo yanapaswa kumsikia mwalimu. Kwa akina dada wanaovaa hijabu, na sisi ndio wengi hapa, banda linashauri kitambaa chepesi cha tabaka moja, kisicho na fundo kisogoni wala pini yoyote, kwa kuwa fundo huiinua helmeti na pini inaweza kuingia kichwani mtu akianguka. Kuna chumba kidogo chenye pazia na kioo cha kujipangia kitambaa kwa faragha. Buibui halikatazwi, ila hutakiwa kukunjwa na kufungwa kiunoni juu ya suruali pana, maana nguo inayopepea ubavuni humtisha farasi, na ikinasa kwenye tandiko humzuia mtu kuanguka mbali na kwato. Nimeona mahali pengine ambapo mambo haya hayazungumzwi kabisa, ama kwa haya ama kwa kutojali, na wanawake huachwa wajitafutie wenyewe.

Viatu ni habari nyingine, na hapo lawama yangu ya kwanza inaanzia. Kiatu cha kupandia kinatakiwa kiwe kimefungwa, chenye nyayo isiyo na meno makubwa na kisigino cha sentimita 2 au 3, ili mguu usiteleze ukapita ndani ya kikuku, ile pete ya kukanyagia inayoning'inia kwenye tandiko. Mtu akianguka mguu wake ukiwa umenasa, farasi humburura, na kuburuzwa kunaweza kuua hata pale ambapo kuanguka kwenyewe kusingemdhuru. Banda linayajua hayo na limeyaandika ukutani, lakini siku za sikukuu, wageni wanapokuwa wengi, nimeona watu wakipandishwa wakiwa wamevaa ndara na makubadhi. Saisi aliniambia kwamba hao huongozwa kwa kamba, kwa hiyo hawana hatari. Sikubaliani naye. Kamba iliyo mkononi mwa mtu anayetembea kwa miguu husaidia kabla farasi hajaanza mbio, kwa kumgeuza kichwa mapema. Akisha kuanza, kamba hiyo huchomoka. Jozi chache za viatu vya kuazima, za saizi mbalimbali, zingeliondoa tatizo hili kwa gharama ndogo.

Kuhusu vifaa vya farasi, nina mengi ya kusifu. Vikuku vyao vina ukanda wa mpira upande wa nje, ambao hufyatuka mguu ukivutwa kwa nguvu, na upana wa kila kikuku huzidi upana wa kiatu kwa sentimita 2 au zaidi. Kikuku chembamba hung'ang'ania mguu, na kipana mno huumeza mzima. Mshipi wa tumboni hukazwa kabla ya kupanda, kisha hukaguliwa tena baada ya dakika chache za kutembea, kwa sababu farasi wengi huvimbisha tumbo wanapofungwa na kulegea baadaye, na tandiko likazunguka pamoja na mtu. Kila farasi wa wanafunzi amevishwa ukanda wa ngozi shingoni, ambao mtu hushika anapoyumba badala ya kuning'inia kwenye hatamu na kumuumiza mnyama mdomo. Lijamu zao ni laini, zenye kiungo katikati. Wapo wanaoamini kwamba farasi mwenye mbio anahitaji lijamu kali, na mchangani nimeona vinywa vyenye vidonda kwa sababu ya imani hiyo. Maumivu humfanya farasi ayakimbie maumivu, na yeye hajui kwamba yanatoka mkononi mwa aliyempanda.

Hata hivyo, kilichonifanya niandike ni mafunzo ya kusimamisha. Hapa mwanafunzi haruhusiwi kumkimbiza farasi kabla hajaweza kumsimamisha, na somo hilo halifanywi mara moja likaisha. Hurudiwa kila tunapofika, uwanjani, kwa mwendo wa kutembea na kisha wa matiti, yaani mbio ndogo zilizo kati ya kutembea na shoti. Huanzia kwenye kiwiliwili. Mtu aliyeshtuka hujikunja mbele, hubana miguu na kupiga kelele, na yote matatu farasi huyapokea kama amri ya kuongeza mwendo. Kwa hiyo tunafundishwa kuketi wima, mabega nyuma, kiuno kimelegea na kuzama katika tandiko, visigino chini, na macho yatazame mbele badala ya kutazama ardhi. Saisi mzee, ambaye watoto wote humwita Babu, alikuwa akitembea kando ya binti yangu akimwambia, “Kaa, mwanangu, kaa. Usimkumbatie shingo. Vuta, mwachie, vuta, mwachie.” Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha somo. Mvuto wa mfululizo humpa farasi kitu cha kuegemea, naye hukitegemea na kuendelea. Mvuto wa kuja na kuondoka humnyima egemeo, na kila unapoondoka humpa nafasi ya kutii.

Baadaye hufundishwa namna ya kugeuza kwa hatamu moja. Mpandaji hufupisha hatamu ya upande mmoja na kukileta kichwa cha farasi taratibu kuelekea goti lake, mpaka miguu ya nyuma ipishane na mnyama apoteze msukumo. Mwalimu alisisitiza, na ningependa kila anayejaribu jambo hili alisikie, kwamba njia hiyo ni ya mwanzoni, farasi anapoanza tu kukaza mgongo na kuinua kichwa. Akisha kuwa katika shoti kamili, kumkunja kichwa ghafla kunaweza kumwangusha pamoja na mtu wake, hasa kwenye mchanga uliolowa. Wakati huo dawa ni duara kubwa, pana kadiri nafasi inavyoruhusu, linalopunguzwa kidogo kidogo. Kushuka kwa dharura nako hufundishwa, farasi akiwa amesimama na kisha akitembea: miguu yote miwili hutolewa kwenye vikuku, mikono huegemea shingo, mtu hujitupa ubavuni na kutua magoti yamekunjwa, uso ukielekea anakokwenda farasi. Lakini tumeambiwa waziwazi kwamba kujirusha kutoka kwa farasi aliye mbioni ni hatari kuliko kubaki tandikoni, isipokuwa mbele kuna hatari kubwa zaidi, kama barabara yenye magari. Pia ni marufuku kuzungusha hatamu mkononi, na simu haiingii mkononi kabisa mtu akiwa juu ya farasi.

Mafunzo hayo niliyaona yakifanya kazi. Tulikuwa tumetoka kundi dogo, maji yakiwa yamekupwa, na mbele yetu tiara ya mtelezaji ikaanguka ghafla pembezoni mwa maji. Farasi wa tatu katika mstari, aliyepandwa na kijana wa makamo ya chuo, aliinua kichwa, akakaza masikio, akatimka. Saisi mmoja aliyekuwa amepanda alitaka kumfuata, na mwalimu akamzuia kwa sauti moja. Alituamuru sote tusimame na kuelekeza vichwa vya farasi wetu upande wake. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Farasi aliyetimka akisikia kwato nyuma yake huongeza mbio, na waliobaki wakiona wenzao wanaondoka hutaka kuondoka pia. Kundi likisimama, aliyekimbia naye hupata sababu ya kurudi. Kijana alishika ukanda wa shingoni kwa mkono mmoja, akarudisha mabega nyuma, akaanza kumgeuza kwa duara pana kuelekea mchanga mkavu wa juu, ambao ni mzito na humchosha farasi upesi kuliko ule mgumu uliolowa. Mzunguko ulipungua, shoti ikawa matiti, matiti ikawa kutembea.

Wengi husema farasi wa namna hiyo aelekezwe baharini. Ni kweli kwamba maji ya kufika magotini hupunguza mbio, lakini chini ya maji yetu kuna miamba ya matumbawe na mashimo yasiyoonekana, na farasi anayejikwaa humo huvunja mguu wake na shingo ya mtu. Mwalimu alimwendea kijana kwa miguu, akazungumza na farasi kwa sauti ya chini, akakagua mshipi na lijamu, kisha akawafunga kamba na kuwaongoza. Hakuna aliyemchapa farasi. Kumchapa baada ya kusimama kungemfunza kwamba kusimama ndilo kosa. Safari ya kurudi ilikuwa ya kutembea tu, na ndivyo ilivyo daima katika banda hili: hakuna mbio wakati uso umeelekea nyumbani, hata wageni wakiomba na kuongeza pesa.

Zimebaki lawama nyingine ambazo siwezi kuzificha. Baadhi ya helmeti ni kuukuu; ndani yake alama ya mwaka wa kutengenezwa imefutika, na povu la ndani limeanza kumeguka. Helmeti iliyokwisha kupata pigo haifai tena hata kama haina ufa, na ile ambayo haijapigwa hushauriwa ibadilishwe baada ya takriban miaka 5, na huenda joto na chumvi ya hapa kwetu vikaufupisha muda huo. Banda linapaswa kuandika tarehe juu ya kila helmeti na kuzitupa zilizopitwa na wakati. Aidha, mgeni hupewa fomu ya kutia sahihi kwamba hatalidai banda chochote akiumia, nayo imeandikwa kwa Kiingereza peke yake, katika mji ambao mama anayemleta mwanawe anaweza kuwa hodari wa Kiswahili na asielewe hata aya moja ya fomu hiyo. Na ingawa wapo masaisi waliofundishwa huduma ya kwanza, na wanajua kwamba aliyeanguka na kulalamikia shingo hainuliwi wala havuliwi helmeti maadamu anapumua vizuri, banda halina gari la kusubiri. Wanategemea kupiga 999 au kuomba msaada wa hoteli za jirani. Nilipouliza, niliambiwa gari liko katika mipango. Ningependa kuliona limeegeshwa.

Bei ni takriban mara mbili ya ile ya farasi wa kukodi mchangani, na kwa maoni yangu tofauti hiyo inastahili, kwa kuwa sehemu kubwa ya unacholipia hufanyika kabla hujafika baharini. Kwa mtu anayetaka picha tu, atawaona hawa ni wasumbufu. Kwa mzazi, na kwa mtu mzima anayetaka kujifunza kwa utulivu, nalipendekeza banda hili, kwa sharti kwamba aje na viatu vyake vilivyofungwa, aiangalie helmeti kwa ndani kabla ya kuivaa, na aombe fomu isomwe kwa sauti kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Mwalimu hulifanya hilo bila kinyongo akiombwa.

Saa za kwenda ufuoni hupangwa kwa kufuata maji, na mgeni asishangae akipangiwa asubuhi sana wiki moja na alasiri wiki nyingine. Wakati wa bamvua, maji yakijaa, ufuo hubaki ukanda mwembamba kati ya mawimbi na kuta za hoteli, na hapo hakuna nafasi ya duara lolote. Kwa hiyo hutoka maji yanapokupwa. Malipo hufanywa kwa M-Pesa siku moja kabla. Upepo ukizidi, safari huahirishwa na pesa hurudishwa kwa anayetaka, na hilo nimelishuhudia: wageni waliokwisha kuvaa helmeti walirudishwa uwanjani wakafanya somo la kusimamisha badala ya kwenda baharini, kwa kuwa mwalimu aliona tiara zimekuwa nyingi mno upande wa Nyali.